Daktari wa Malale Atunzwa Huanshi

Felisia Kokushubira hununua jinzi soko la Shahe na kuzipeleka Mwanza kwa kontena. Ana miaka kumi na mmoja Guangzhou, China, magoti mabovu kwa kukandamiza marobota, na ulimi unaowafanya wauza nguo wajifanye hawajamwona. Mtu wa namna hiyo kuandika mchezo wa kuigiza ni kama fundi bomba kuongoza misa. Lakini aliuandika, nyuma ya orodha za mizigo, na ulichekesha mno.

Ulimhusu babu wa mama yake. Enzi za Wajerumani, huko Bukoba, alikutwa na tezi zimevimba shingoni. Akapelekwa kambi ya malale, akavishwa kibati chenye namba mia moja na nne, akachomwa dawa ambayo yenyewe ilikuwa bado inatafuta kazi ya kufanya. Malale yakamwachia. Macho nayo yakamwachia. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

"Kwenye makaratasi yao yupo kwa namba," mama yake, Imelda, alimwambia kwa simu kutoka Bukoba. "Nataka jina lake litajwe mbele za watu, hata mara moja, kabla sijafa."

Jina lenyewe ni Rutahiwa. Kazi ya mchezo mzima ilikuwa hiyo tu.

Sherehe ya jumuiya ya Watanzania ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi wa juu ya mgahawa, barabara ya Huanshi Zhonglu. Mwenyekiti, Emmanueli, alimshika Felisia mlangoni.

"Dada Feli, watu wametoka kanisani, wamekula. Usituletee msiba."

"Ni kichekesho, Mwenyekiti."

"Cha kipofu?"

"Cha daktari."

"Hapo sawa."

Daktari aliigizwa na Rotich, Mkenya anayesomea udaktari wa kweli. Kipofu alikuwa Salvatory, muuza spika. Mpango wa Felisia: wacheke nusu saa, kisha kicheko kiwakwame kooni.

"Tulia, siz," Rotich alimwambia. "Hawa nitawamaliza."

Akawamaliza. Aliingia na koti jeupe na pampu ya baiskeli kama sindano. "Nani hapa haumwi?" Jamaa mmoja akanyoosha mkono. "Huyo ndiye mahututi! Hata hajui!" Akampima Salvatory kichwa kwa futi ya mshonaji. Akaonja damu yake kwa kijiko, akasema imepungua chumvi. Kila alipochoma sindano alikata kiuno. "Ulaya kuna mtu atapona kwa sababu yako. Sema asante!"

"Asante," alisema Salvatory, na ukumbi ukalala kwa vicheko.

Kisha Salvatory akasimama, mikono mbele, akipapasa hewa. "Daktari, mbona mmezima jua?"

Sasa yalimbakia maneno machache tu: Mimi si mia moja na nne. Mimi ni Rutahiwa.

Felisia alifikiria kila kitu, ila alisahau anawaandikia akina nani. Hawa ni watu ambao kikiwafurahisha kitu hawakai chini wakakitazama, wanainuka kukitunza. Mama Dainess, mwenye duka la wigi, alipiga kigelegele, akaja mbele akijitikisa, akabandika noti kwenye paji la uso la daktari. Safu nzima ikamfuata. Mpiga muziki, kuona watu wanakwenda mbele, akafungulia muziki, kama anavyofanya kwenye harusi zote. Rotich akacheza, noti zikimwanguka. Salvatory, mikono bado hewani, akaiona moja mguuni pake. Akainama akaiokota. Upofu uliowashinda Wajerumani ulipona kwa yuan ishirini.

Felisia alipanda jukwaani, akanyakua maiki. "Anaitwa Rutahiwa! Mnanisikia? Rutahiwa!"

"Na mtunzi naye jamani!" Mama Dainess alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka, akambandika noti kwenye paji lililolowa jasho, kisha akamzunguka akicheza.

Muziki ulipozimwa Emmanueli alikuja akiwa ameng'aa uso mzima. "Dada, umetuheshimisha. Tarehe kumi na mbili mdogo wangu ana sendofu. Tunamtaka daktari. Yule kipofu mwacheni, anapoozesha shughuli."

"Kamtafute Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara," Felisia alisema. "Huko ndiko vipuri vinauzwa peke yake."

Emmanueli alicheka. Alidhani mchezo unaendelea.

Simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, wamelitaja?"

"Nimelitaja mwenyewe, Mama. Kwa maiki."

"Watu wakafanyaje?"

Felisia aliwaangalia wakisukumana kupiga picha na Rotich, kila mmoja akikinga mkono achomwe pampu ya baiskeli.

"Walicheka."

"Walimcheka babu?"

"Hapana. Walimcheka daktari. Babu hawakumwona."

"Basi mtoe huyo daktari, urudie."

"Nikimtoa, Mama, hawaji."