Mkono Nisiouona Upande wa Kushoto

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyomwangusha tonton wangu, ndugu wa baba, majini pale kwenye maporomoko, mwanangu, na mpaka leo naona haya. Wakati huo nilikuwa na mtoto mmoja tu, nguvu tele, maneno mengi. Tulisimama juu ya miti tuliyoifunga kwa kamba za msitu, tukishusha kikapu kikubwa cha kutegea samaki. Nikageuka kushoto na mzigo wangu, pwaa! Tonton akaenda na maji. Bahati nzuri alishika kamba, tukamvuta.

"Sikukuona, tonton! Ulitoka wapi?"

"Nilikuwa hapa pembeni yako tangu tulifika," akasema, maji yakimtiririka.

Wavuvi wakacheka, wakasema nimelewa. Wakanipima namna yetu ya siku zote: yule mama wa ng'ambo ya mto amevaa nini? Nikajibu, liputa ya manjano, na ana ndoo kichwani. "Macho iko bien!" wakasema, kazi ikaendelea. Kosa letu sisi watu wa mto ndilo hilo: tukiona mbali mbele yetu, tunadhani tunaona kila kitu.

Tonton hakucheka. Baba yake, yaani babu yangu, alimaliza maisha yake kipofu, akishikwa mkono hata kwenda chooni, na watu walisema amelogwa. Tulipofika nyumbani akaniketisha mbele yake, akaniambia nizibe jicho la kulia.

"Angalia pua yangu tu. Ukiona mukono yangu inatoka pembeni, sema."

Nikangoja, nikangoja. Nikachoka. "Bon, tonton, leta huo mkono basi!"

"Mukono iko karibu na shavu yako, mutoto," akajibu. Hapo niliogopa kweli.

Kesho yake akanipeleka mjini kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni glakoma. Maji ya ndani ya jicho yanapandisha presha, yanaumiza mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo, na mara nyingi uoni huanza kupotea pembeni, polepole, bila maumivu. Ulichokwisha kupoteza hakirudi. Akanipa dawa ya matone: kila jioni, bila kukosa, maisha yote.

Nikatia miezi mitatu. Jicho halikuuma kabla, halikuuma baadaye, wala sikuona zaidi ya zamani. Nikasema, eh, haya ni maji tu! Nikaacha kimyakimya, na tonton akiniuliza, namwambia naendelea. Ah, ujinga wa ujana! Ulipofika mwaka wa pili, siku moja nilifunga jicho la kulia ili nioshe uso, nikakuta giza. Nilikwenda kwake nikilia kama mtoto.

Hakunigombeza kwa kelele. Alisema hivi: "Ulingojea dawa irudishe yenye ilipotea. Dawa ilikuwa ya kuchunga yenye ilibakia. Sasa umebakia na moja. Utaichunga?"

Nimeichunga, mwanangu. Kila jioni kabla ya kula, mama yako huniita, "Papa, matone!" na mimi huinua uso. Jicho hili la kulia ndilo linalokutazama sasa.

Nakusimulia kwa sababu jana uligonga bega mlangoni, ukacheka. Mimi sikucheka. Damu yako ni yangu na ya babu yangu, na ugonjwa huu hupita katika familia. Usijipime kwa kutazama watu wa ng'ambo, wala usijisifu kwamba unaweza kutunga uzi kwenye sindano ya nyavu. Nenda wakupime presha ya macho na wautazame ule mshipa wa nyuma, hata kama huumwi popote. Matone ya sokoni usiyaguse bila daktari. Mengine yenyewe yanapandisha presha ya jicho. Na wakikupa dawa, itie hata siku unayojiona mzima, hasa siku hiyo.

Donc, kesho asubuhi tunakwenda pamoja. Wewe utatembea kushoto kwangu, kwa sababu upande huo mimi sina jicho.

Mungu akulindie macho yako yote mawili. Akupe uzee wa kuwaona wajukuu wakikujia mbio, wa kulia na wa kushoto, usingoje mpaka wakuguse ndipo ujue wamefika.