Dada yangu aliomba mestrado, shangazi akaja kumsemea kwenye usahili

Shikamooni wakuu. Mimi humu huwa nasoma tu, sichangii, haya zimenizidi. Leo nimejikaza. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sikutia.

Mimi ni msichana wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Niko sekondari. Nyie wa Mtwara mtanielewa bila shida, Kiswahili chetu kimoja.

Tangu gesi ionekane baharini, mji umejaa wageni. Kila mara reunião, mikutano ya kampuni na sie wenyeji.

Dada yangu Muanasha, aliyesomea chuo Nampula, ndiye mkalimani. Wageni wanasema Kiingereza chao, yeye anatutolea Kiswahili, na neno letu anawarudishia.

Reunião moja shangazi yetu, Shangazi Atija, akasimama. "Sie wanawake twaokota kombe za kula ufukweni maji yakitoka. Mkijenga pale, tukaokote wapi?"

Mkubwa mmoja akamkonyeza Dada aliruke hilo, muda umekwisha.

Dada akalitafsiri. Mgeni akajibu mengine kabisa. Akalitafsiri tena, neno kwa neno, mpaka likaandikwa.

Nyumbani nikamwuliza, hukuogopa?

"Niliogopa. Lakini neno la mtu halirukwi."

Nadhani siku ile ndiyo iliyomtia hamu. Akaomba mestrado, shahada ya pili, ya uhusiano wa kimataifa, chuo cha ng'ambo, pamoja na bolsa, yaani wamsomeshe wao, maana sie uwezo hatuna. Akaitwa kwenye usahili kwa kompyuta.

Sasa wakuu, sikilizeni vituko.

Kwetu mtu hajisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata posa, mwenye kuoa haji akajieleza mwenyewe, anasemewa na wakubwa wake. Shangazi aliposikia Dada anakwenda kuomba, akavaa kanga ya sikukuu akatangulia mlangoni.

"Wapi tena, Shangazi?"

"Kumsemea mwanangu. Akienda kuomba peke yake wataona hana kwao."

Dada akamfuata. Tukaenda watatu, hadi pensão moja, nyumba ya wageni yenye intaneti. Mimi nikapewa kazi ya kushika waya, maana ukilegea mawasiliano yanakatika.

Wakatokea maprofesa watatu kwenye kioo. Wakamwambia Dada awaeleze habari zake, na jambo moja alilofanya analojivunia.

Dada akainamisha kichwa. Kimya. Mimi nikadhani waya, nikaubana kwa mikono miwili.

Shangazi akasogeza kiti. "Asalaam aleikum. Huyu mtoto wetu. Kujisema hawezi, ana adabu zake. Nitasema mie."

Dada akawatafsiria hayo, maprofesa wakatazamana. Mmoja, mama mwenye mvi, akacheka vizuri tu, akasema sawa, mama aseme, Muanasha atafsiri.

Wee! Shangazi akafunguka. Akahadithia reunião yote. "Wakubwa wamekaa wanamtolea macho, mtoto huyu kasimama na neno langu, hakuliangusha!"

Dada akatafsiri: "Anasema nilisaidia kidogo mkutanoni."

Kiingereza changu ni cha shule, lakini hiyo niliielewa. Mimi darasani nikiulizwa jina langu nanong'ona, sijui sauti niliitoa wapi.

"Shangazi, kaliruka."

Shangazi akamgeukia. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Muanasha mwanangu. Siku ile langu hukuliruka. Leo unaliruka?"

Dada akajifuta macho kwa ushungi. Akawaambia wale maprofesa, samahani, sikutafsiri sawa. Akaanza upya. Akatafsiri sifa zote, hakubakisha, hata ile ya kwamba pweza akimpika yeye jirani wanabisha hodi.

Yule mama mwenye mvi akauliza, "Na hao wanawake walijibiwa?"

Shangazi hakuelewa swali. Dada akainua kichwa.

"Bado. Ndiyo maana naomba kusoma."

Hilo hakulitafsiri wakuu. Lilikuwa lake mwenyewe.

Majibu yametoka: kapata, na bolsa juu. Shangazi anapita nyumba kwa nyumba akisema "tumepita." Jana kauliza mitihani ya huko ni lini, ajue kama atahitajika tena. Dada kamjibu, "Nitakupigia, Shangazi," na mimi namjua Dada, atapiga kweli.

Mimi nitabaki bila wa kulala naye chumba kimoja, na hilo linaniuma, sifichi.

Nililojifunza: adabu ni nzuri, lakini ukijipunguza mwenyewe, unawapunguza na waliokulea. Wao wamekutazama siku zote, wanajua.

Haya, nimemaliza. Huko kwenu je, mtu anajieleza mwenyewe au ana wa kumsemea? Mkinicheka, mnicheke polepole.