Kisigino Yangu Haikukanyaga Dawa

Bamama na bababa wa hii kanisa, munanijua. Miye Mama Odile wa soko ya Naviundu, muuzishaji wa samaki ya kukauka. Mbele ya ugonjwa kunikamata nilikuwa naenda miye mwenyewe kununua kule Kasomeno, narudi juu ya kamyo nimekaa juu ya mifuko, nabishana na shofere njia yote. Kulala muchana? Miye? Hapana!

Mambo ilianza na alama moja nyeusi chini ya kisigino ya kushoto. Haikuuma. Nikasema ni jiwe. Lakini alama ya jiwe inapotea, hii ikapanuka. Pembeni haikuwa sawa, huku nyeusi, kule rangi ya kahawa. Kisha nikavua sandali, nikaona damu.

Dada mukubwa ya bwana yangu, Yaya Véro, akaangalia, akapiga mikono. "Yoo! Umekanyaga dawa ya ulozi! Ni Mama Feza njo alikutegea chini ya meza."

Mama Feza ni mama wa Kiislamu, bankambo yake, babu na bibi, balitoka Maniema. Tunauzisha ku soko, meza kwa meza. Eti ananionea wivu. Yaya Véro akaleta muzee mumoja na wembe, akate ile alama, apakae unga ya majani, ulozi itoke. Nikarudisha mguu chini ya kiti. "Hii wembe munyolee nayo ndevu. Mguu ni yangu!" Bakasema niko na kichwa nguvu. Ndiyo, niko nayo!

Mama Feza akasikia. Akaingia kwangu bila hata kusalimia. "Vaa, twende lopitali. Kama miye niko mulozi, docta atatuambia."

Docta akatoa kipande ya nyama, ikaenda kupimwa. Jibu ikarudi: kansere ya ngozi. Nikauliza, "Docta, hiyo haiko ugonjwa ya bazungu?"

"Mama, siye bantu beusi inatukamata pia. Mara mingi inajificha chini ya mguu, mu kiganja, chini ya ukucha. Yako haiyatembea bado mu mwili. Lakini ungekawia tena..."

"Na wembe?" nikauliza.

"Wembe ingekata juu tu. Ugonjwa ingebaki ndani, weye unazani umepona."

Bakakata nyama ya kisigino, bakatwaa ngozi ya paja, bakaziba nayo. Kidonda ilitoa usaha, ilinuka, nilikuwa nauma foronya juu ya maumivu. Nililia, nilitukana ule mguu matusi yote ya soko. Nikajifunza tena kutembea. Sikufa!

Sasa bamoja banataka niseme hapa kanisani eti Mungu alishinda ulozi ya Mama Feza. Sisemi! Mungu ninamushukuru kwa docta, na kwa huyu mama mwenye kunibeba ku choo wakati bandugu balikuwa bananikimbia. Nilimualika miye. Eko kule nyuma. Mugeuke, mumuangalie muzuri mu macho.

Alama yenye kukuwa kubwa, kubadilisha rangi, kutoa damu, ao mustari nyeusi mu ukucha yenye kupanuka: nenda kwa docta. Usitafute mulozi, usitafute wembe. Na leo hatutoki hapa na maneno tu. Muvue bilatu ku miguu bote, tutafute alama. Ndiyo, hapa hapa, haya ya kuonyesha miguu mutaona nayo kesho.

Yaya Véro, weye njo wa kwanza. Kuya hapa, leta mguu, nikuangalie.