Mgomba Aliouchagua Wifi

Miaka ya hamsini niliolewa Bongwe, nikakaa miaka miwili bila kupata mtoto. Siku moja, mbele ya wanawake waliokuja kwetu kwa maulidi, wifi yangu alitazama uani akacheka. "Huyu hata migomba yake haizai."

Kesho yake nilichukua jembe. Kila mgomba ulikuwa umezongwa na wana, yaani machipukizi, saba au wanane. Nikawang'oa, nikamwacha mmoja tu wa kumrithi mama yake. Nilitia samadi ya mbuzi na majivu, na kila jioni nikaimwagia maji ya kuoshea vyombo, huku maneno ya wifi yakinichoma. Mikungu iliyokuja ilikuwa mizito hata ikabidi niitegemeze kwa miti.

Ndipo wifi akaja, mpole kama mgeni. "Wifi yangu, nipe mwana mmoja nami nikapande."

"Chagua mwenyewe," nikamwambia.

Wana wapya walikuwa wameshachipua. Aliwapita wenye majani membamba kama upanga, ambao ndio wazaao vizuri, akashika mmoja wa majani mapana, wa kupendeza macho. Nilijua mgomba wa namna ile huzaa ovyo. Nilimchimbia mimi mwenyewe, nikamtwika kichwani.

Baada ya mwaka na zaidi alirudi na kimkungu cha chane mbili. "Ulinipa mgomba gani?"

"Ule uliouchagua, wifi."

Aliondoka akilia. Nilisimama mlangoni nikamtazama hadi alipokata kona, na mpaka leo sijamwomba radhi.