Kuku Mwenye Uzi Mwekundu

Leo sokoni Homa Bay mtu alikuwa akibabua kuku, na ile harufu ya manyoya yanayoungua ikanirudisha jikoni mwa kanisa letu kule Macalder.

Nikiwa mtoto, kuku wetu alitotoa vifaranga kumi. Nilimchagulia Mungu yule mzuri kuliko wote, nikamlea, na siku ya mavuno nikamfunga uzi mwekundu mguuni.

"Mungu atamtunza, nyathina, mwanangu," mama aliniambia, nami nikampeleka madhabahuni kwa mikono yangu. Nilidhani Mungu ana boma lake mahali, lenye mtama mwingi.

Baada ya ibada niliitwa jikoni nisaidie. Mama alikuwa ameinamia karai, akinyonyoa. Uzi ulikuwa bado mguuni.

"Mama, si ulisema Mungu atamtunza?"

"Nyamaza, wageni watasikia."

Mezani, askofu mgeni aliuliza kuku ametolewa na nani. Mama akanisukuma mbele, akitabasamu. Askofu akanibariki, akanikatia kipande cha paja.

"Sema asante," mama akasema.

Nikasema asante, nikala. Alikuwa mtamu sana, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe mama.