Kona ya Kusuuzia Pampu

Kwa miaka mingi nilimgombeza mama kwa kusuuza pampu ya dawa ya nyanya kwenye kona ile ile ya shamba letu, Kosele. "Unatia sumu ardhini!" nilifoka, mimi msomi wa maabara. Dawa ile ikivunjika huacha nitrofenoli, kemikali ya njano yenye sumu.

Siku moja nilichota udongo wa kona hiyo nikautia kwenye chupa ya maji yenye nitrofenoli. Chupa ya pili niliitia udongo wa mahali pasipowahi kufikiwa na dawa. Baada ya siku chache, ile ya pili ilikuwa bado njano kama kiini cha yai. Ya mama ilikuwa imetakata kama maji ya mvua. Bakteria wa kona ile, waliozoea sumu kidogo kidogo, walikuwa wameigeuza chakula. Niliitazama hadi chai yangu ikapoa.

Nikampigia mama simu, nikamweleza yote isipokuwa neno samahani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "kumbe umenichukulia wafanyakazi. Warudishe. Kesho napiga dawa."