Vumbi la Nyota Juu ya Bati Letu

Angani kuna vumbi jembamba lililotawanyika kati ya nyota na sayari, na kila siku punje zake huanguka duniani, hata juu ya mabati yetu hapa Garissa. Hilo nililifundisha darasani miaka mingi. Nyingine zina chuma ndani yake, na sumaku huzinasa.

Baba alipopoteza macho, nilitamani ashike punje moja tu. Ujanani aliswaga ngamia usiku kutoka Bura akifuata nyota, na sasa alikaa ndani akinung'unika kwamba amenyang'anywa mbingu yake.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba watu wakimtazama. Kwa hiyo nilimpa kaka yangu sumaku niliyoifunga kitambaa, nikamwomba aipitishe kwenye mfereji wa bati kabla mvua hazijaanza. Akawa ananiletea unga mweusi ndani ya kichupa cha dawa. Kwenye hadubini ya shule niliona vitufe vidogo vinavyong'aa, nikalia kama mjinga. Baba aliusugua vidoleni, akasema subhanallah, na wazee wenzake msikitini wote wakapata habari.

Kisha bawaba ya lango letu ikavunjika. Fundi wa kuchomelea alipomaliza kuitengeneza aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, kaka yako ameacha kuja? Ile unga ya chuma bado iko mingi chini ya meza yangu."

Cheche za kuchomelea nazo hupoa zikawa vitufe vinavyong'aa; mimi mwalimu nilipaswa kulijua hilo. Nilimkuta kaka kivulini anatafuna miraa, na wala hakukana. Alisema bati linaunguza, na mimi si nilikuwa nimefurahi?

"Abaayo, dada yangu, chuma ni chuma," akasema. "Mwache mzee na raha yake."

Nilimuuliza kama alipanda hata mara moja. Akacheka. Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

Alasiri hiyohiyo, watu wakitoka msikitini, nilikaza nguo kiunoni, nikaegemeza ngazi ukutani nikapanda mwenyewe. Majirani walisimama njiani kutazama. Kaka alinisihi kwa sauti ya chini nishuke, nisimwaibishe. Bati liliniunguza viganja, nikaendelea kupitisha sumaku.

Baba alisikia kishindo, akauliza kutoka ndani ni nani yuko huko juu.

"Ni mimi, aabo," kaka akajibu kabla sijafungua kinywa.

Na baba akaanza kumwombea dua.